Wageni wa Odete wa Msimbati

Nesi alimkataza Odete Inasio mambo matatu kwa wiki tatu: asiiname, asinyanyue ndoo, asikae kwenye moshi. Jicho la kulia lilikuwa limetoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. La kushoto lilikwisha kufifia miaka minne nyuma. La kulia likiharibika, hana jingine.

"Nyumbani una watu?" nesi aliuliza.

"Watu ninao," Odete alijibu. "Tatizo ndilo hilo."

Odete ana miaka sitini na mmoja, mwalimu mstaafu na mjane. Anaishi Msimbati, hatua mia mbili kutoka ufukweni, katika nyumba iliyojengwa na baba yake, ambaye alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa kijana na kupewa kiwanja cha mchanga ambacho wakati ule hakuna aliyekitaka. Siku hizi kila mtu anautaka mchanga huo. Upepo unaingia chumbani kwake mchana kutwa, pweza anafika jikoni akiwa bado anajinyonganyonga, na wapita njia humwambia ana bahati. Hawabishii. Wao hawajui kwamba chumvi imeshakula mabati ya nyumba hiyo mara mbili, wala kwamba kuanzia Septemba kisima hakinyweki na maji yanaletwa na bodaboda kwa madumu.

Na hawaijui Desemba. Korosho zikishauzwa, ndugu wa Nanyamba hushuka baharini, saba, pengine kumi na mmoja. Hulala chumbani kwake kwa kuwa ndicho chenye upepo, naye hulala mkekani sebuleni. Wakitoka kuogelea, hujimwagia yale maji ya madumu kuondoa chumvi. Odete hushinda uani kwenye moshi wa kuni. Hajawahi kuwauliza wataondoka lini. Mama yake asingeuliza, naye hajui swali hilo linaanzaje.

Safari hii aliona njia moja tu: awawahi. Siku ya pili baada ya upasuaji alifunga begi, akafunga nyumba, akaenda Nanyamba kwa mdogo wake, Modesta. Nanyamba hakuna bahari. Hakuna anayekwenda Nanyamba kupumzika, na hicho ndicho alichokitaka.

Modesta alimpokea vizuri. Jioni Odete aliposogea jikoni, alizuiwa mlangoni.

"Dada, begi umeshafungua?"

"Bado."

"Basi kaa. Umemsahau mama? Alikuwa anampa mwiko mtu ambaye begi lake limefungwa?"

Alikuwa amesahau kweli. Kwa mama yao, mgeni alikuwa mgeni mpaka afungue begi na kutoa nguo zake; hapo alihesabiwa mwenyeji na kupewa kazi. Odete akamkumbuka Joyce, mkwe wa Modesta, ambaye kila Desemba huchomoa gauni moja moja kwenye begi lililofunguliwa zipu nusu, wiki mbili nzima. Odete alikuwa akidhani zipu ni mbovu.

Begi lake hakulifungua. Kwa siku nne alikaa barazani, kwenye joto lisilo na upepo, akitamani ule wa chumbani kwake kuliko alivyopenda kukiri. Lakini jicho lilitulia.

Siku ya tano alikuja Leonel, mtoto wa Modesta na mume wa Joyce.

"Mama mkubwa, tumeshakodi Noah."

"Ya kwenda wapi?"

"Kukusindikiza. Utarudije peke yako na jicho hilo? Watu watatusema."

"Mimi sijasema narudi, Leo."

"Joto la hapa litakutesa. Kule kwako kuna upepo." Akatazama pembeni. "Na Joyce ameshanunua nguo ya kuogelea."

Mgeni kusindikizwa ni heshima, na heshima haikataliwi. Walisafiri wanane. Walipofika Msimbati, watano walitelemkia moja kwa moja ufukweni. Joyce alibaki nyuma kidogo akichungulia uani.

"Mama mkubwa, tukirudi tutakula nini?"

Odete alipita mpaka chumbani, akaketi kwenye kitanda chake, begi mapajani. Modesta alimfuata.

"Dada, anakuuliza."

"Nimemsikia. Begi sijafungua."

Joyce, aliyekuwa mlangoni, alicheka. Modesta hakucheka.

"Lakini hapa ni kwako."

"Ni kwangu. Mmenisindikiza vizuri, nimefika, nashukuru. Ila begi sijafungua."

Modesta aliitazama ile zipu, kisha kikinga cha plastiki kilichobandikwa juu ya jicho la dada yake. Alivua viatu, akajifunga khanga kiunoni.

"Joyce," alisema, "lako kalifungue lote. Halafu njoo uwashe moto."

"Mama, nilikuwa nataka kwanza nikaoge..."

"Bahari haihami. Kuni ziko wapi, dada?"

"Nyuma, karibu na kisima. Na moto uwashieni huko huko, moshi usije huku."

Walipotoka, Odete alijilaza, begi likiwa ubavuni. Upepo uliingia kama kawaida yake. Bafuni mtu aliyekwisha kurudi kutoka baharini alikuwa anaoga maji ya kunywa, na kwa mlio wa kopo ilikuwa ndoo ya pili. Zilibaki wiki mbili kati ya zile tatu za nesi. Kesho atahitaji gauni jingine. Atalichomoa kwa zipu nusu, kama wanavyofanya wageni.