Komeo la Bunduki ya Babu

Usiku ule nililala nimeshika soksi ya shule, na ndani ya soksi kulikuwa na komeo la bunduki ya Babu. Nililichukua siku ya msiba wake, sanduku la bunduki likiwa limeachwa wazi, watu wakila ubwabwa nje. Lilikuwa linanukia mafuta ya cherehani, yaani lilikuwa linanukia yeye.

Babu alikuwa mwindaji mwenye leseni. Bunduki yake ilikuwa ya zamani, ile ya kuvuta komeo kwa mkono kila ukipiga risasi moja. Kila Ijumaa alilichomoa, akalifuta taratibu, kisha akaniita nichungulie kwenye mtutu mtupu. Alipofariki, polisi wakataka bunduki irudishwe kituoni ikiwa kamili. Komeo halikuonekana. Ufunguo wa sanduku alikuwa nao Baba Mdogo, basi wakamshika yeye. Usiku ule ulikuwa wa pili analala mahabusu, na mimi kimya tu.

Usingizini nikaona niko sebuleni. Babu amekaa kwenye kigoda chake, bunduki mapajani, anakipaka mafuta kitako cha mbao, pale kilipopasuka zamani akakifunga kwa waya wa shaba. Nilitaka kumwamkia, sauti ikagoma.

"Bado tu unaona haya, bibie? Hata mimi hunipi shikamoo?"

Nikacheka huku nalia. Sebule imeshakuwa pori, majani ya miombo mekundu, na Babu anatembea mbele yangu bila kishindo. Anasimama. Anainua bunduki, anapeleka mkono kuvuta komeo, mkono unashika hewa. Anajaribu tena. Hewa. Hakasiriki, na hilo ndilo linaniumiza.

"Chungulia," ananiambia.

Nachungulia kwenye mtutu. Zamani niliona mistari inajizungusha mpaka kwenye mwanga. Sasa kule mwisho namwona Baba Mdogo kwenye sakafu ya saruji, peku, ameshikilia suruali kwa mkono kwa sababu mkanda wamemvua.

"Babu, nikilitoa nitabaki na nini chako?"

Anachukua kitambaa chake cha kufutia bunduki, ananiwekea kiganjani, anakifunga kiganja changu kwa vidole vyake.

"Mimi nilikufundisha kufuta. Kuficha hukujifunza kwangu." Halafu, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Nenda kamtoe mwanangu."

Namwita. Anaenda. Bunduki ameiacha imeegemea mti, na kadiri ninavyoikaribia ndivyo mti unavyosogea mbali.

Nikaamka. Kumepambazuka. Mafuta yalikuwa yamepenya soksi yakanilowesha kiganja. Nikanusa, nikalia kidogo, nikanyamaza.

Baba alikuwa mezani anamimina chai kwenye chupa ampelekee mdogo wake kituoni. Nikaiweka soksi mbele yake. Aliinyanyua, akausikia ule uzito, akakaa chini kabla hajaifungua.

"Shikamoo, Baba," nikasema. Sauti ikatoka. "Nililichukua mimi."