Sukari ya Bi Mwatum kwenye Pipa la Makumbi

Bi Mwatum wa Gando anasokota kamba za usumba tangu sijaota ndevu, wala haniachi nisahau hilo. Zamani wanawake wa mtaa wetu walifukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, wakayaacha miezi sita yaoze, kisha wakayaponda wapate nyuzi. Siku hizi pwani amebaki yeye na kaa. Wengine wananunua kamba za nailoni, na hata mbuzi wao wanaona haya kufungwa nazo.

Mwaka huu mjukuu wake, Khairiya, alikuwa anaolewa, na kitanda cha harusi kwao hutandwa kwa kamba ya bibi. Lakini magoti yalimkatalia pwani. Akaloweka makumbi ndani ya pipa, uani. Harusi ilibaki miezi mitatu tu, na makumbi yataka sita.

"Wee Mbaruk msoma vitabu," akaniuliza, "nani hasa anayeozesha makumbi?"

Nikamweleza: ni bakteria, vijidudu visivyoonekana. Hupata kaboni kwa kula ile nyama inayoshika nyuzi. Chuma nacho hukitaka, kidogo; hutoa kitu mfano wa ndoana, vikakinasa topeni na kukivuta ndani. Na sukari? Ndiyo vinayoipenda kuliko yote.

Kosa langu ni kunyamaza hapo. Kesho yake akamimina pipani kilo mbili za sukari na kopo la misumari yenye kutu.

Wiki kumi baadaye akaniita. Makumbi yalikuwa magumu vilevile, na meusi kama sufuria ya kuni. Vijidudu vilishughulika na sukari, kumbi vikaliacha; na kutu ilipokutana na maji ya makumbi ikawa wino.

"Vijidudu vyako kama wageni wa harusini," akasema. "Vimemaliza halua, wali havikuugusa."

Akacheka, kisha akageuza uso. Harusi ilibaki wiki mbili.

Nikarudi nyumbani, nikakifungua kitanda changu. Kamba yake aliisokota yeye mwaka niliooa. Mimi na marehemu tuliilalia miaka arubaini. Nikampelekea. Akaivuta, akainusa.

"Hii yangu."

"Yako."

Khairiya alikipata kitanda chake. Mimi nalala chini, mkekani, na Bi Mwatum kila akipita akijikongoja kwenda pwani kufukia makumbi ya kamba yangu mpya, huita dirishani:

"Mbaruk! Nikutilie sukari uipate upesi?"