Kaya Zilizofungwa Milango Makurunge

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya utafiti wa afya Bagamoyo, Mtakwimu Mkuu alinikabidhi rundo la madodoso, akaniagiza nitenge yaliyojaa na yenye mapengo. Nilikuwa binti aliyetoka shule juzi, hesabu nazijua, nikidhani takwimu ni kujumlisha tu. Kumbe kazi kubwa ni kushughulikia yale yasiyopatikana.

Tulichunguza homa za watoto, kuanzia Vigwaza hadi Makurunge, ili ijulikane zahanati mpya ijengwe wapi. Hatukuweza kuuliza kila nyumba, basi tulichukua sampuli, yaani kaya chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu ziwakilishe nyingine. Makurunge, nyingi tulizikuta zimefungwa.

Mratibu wa Utafiti, daktari aliyekuwa akibanwa na wakubwa wake, alisema, "Binti, jazia wastani wa majirani waliojibu. Ripoti inasubiriwa."

Njia hiyo ipo, na inafaa pengo likitokea kwa bahati tu, mathalani karatasi zikilowa mvua. Mtakwimu Mkuu, mzee wa Pangani asiyepandisha sauti, alikataa.

"Daktari, kwanza tujue kwa nini hawakuwepo. Huenda kilichowatoa nyumbani ndicho hicho tunachokitafuta."

"Na wakubwa wakiuliza?"

"Waambie nimeichelewesha mimi."

Nikarudi Makurunge. Nyumba ya kwanza nilimkuta Bi Zena akipepeta mchele. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanikaribisha mkekani.

"Tulipita hapa, mama, hatukukukuta."

"Nilikuwa hospitali Bagamoyo na mwanangu. Homa." Akaweka ungo chini. "Nimerudi peke yangu. Huyo naye mnamwandika?"

"Tunamwandika, mama. Pole sana."

"Aliitwa Shabani."

Dodoso halikuwa na nafasi ya majina. Nililiandika jina hilo pembeni, naye akasubiri mpaka nikamaliza.

Nyumba zilizofuata zilinipa habari za namna hiyohiyo. Waliofunga milango walikuwa wamepeleka wagonjwa mbali. Waliobaki na kutujibu ndio wenye watoto wazima. Tungejazia wastani wao, Makurunge ingeonekana haina shida. Kaya ambazo hata safari ya pili hatukuzipata, tulizikadiria kwa majibu ya akina Bi Zena, si ya wale wa mwanzo.

Mratibu aliyasoma majedwali mapya, akarudia ukurasa mmoja. "Zahanati iende huko," akasema, akatia sahihi.

Ilijengwa. Baadaye nilihamishiwa Pangani, kisha Dar es Salaam, na nilistaafu nikiwa Mtakwimu Mkuu mwenyewe. Vijana wenye kompyuta huja kuniuliza njia ipi ni bora ya kujazia mapengo. Nawafundisha zote, maana nazijua. Ila kabla hawajagusa mashine, huwauliza kama wamekwisha kurudi kijijini kupiga hodi. Wengi huwa hawajaenda. Basi nawaambia waende, tutaendelea na hesabu wakirudi.