Unyevu Katika Chumba cha Mama Mkwe

Dobi alijua dawa ya doa la chai, la damu, la kutu na la wino, na alijua pia kilichokuwa chini ya kitanda cha mama mkwe wake. Hilo la kwanza alimwambia kila mteja. La pili hakumwambia mtu.

Mimi sipendi kumzungusha msomaji, basi nalisema sasa hivi. Chini ya chumba kile kulikuwa na shimo la choo cha zamani, refu, lisilojazwa. Mama mkwe alipoanza kusumbuliwa na magoti ikakatwa shauri aje kukaa na binti yake, na dobi akajitolea kumjengea chumba nyuma ya nyumba, pale pale penye choo walichokwisha kuacha kukitumia. Mke akasafiri kumfuata mama yake. Huku nyuma kifusi cha kujazia shimo kikachelewa, na mtu mwenye hamu ya kusifiwa hangoji kifusi. Dobi akalaza mbao juu ya shimo, juu ya mbao mabati chakavu, juu ya mabati zege jembamba, kisha akasakafia mpaka sakafu ikang'aa. Mkewe aliporudi alimwuliza, "Shimo ulilijaza?" Akajibu, "Mpaka juu."

Mama mkwe aliingia na fimbo yake, akatazama dirisha, akatazama sakafu, machozi yakamtoka. Huyu ndiye aliyeuliza, siku ya posa, kama wanaume wanaovaa nguo wamekwisha mpaka binti yake akaolewe na anayezifua. Sasa hapiti mgeni bila kuvutwa mkono akaone chumba. "Mkwe wangu kanijengea kwa mikono yake," husema, na dobi akiwa uani na beseni lake husikia, kichwa kikamvimba. Kwa sifa zile angejenga hata ghorofa juu ya shimo lile. Kitanda kiliwekwa kwenye kona ya ndani, mbali na upepo wa mlango. Mbao zilikuwa chini ya kona hiyo hasa.

Mbwa alikuja kwa bahati tu. Mteja mmoja aliyekuwa akihama alimwachia dobi mtoto wa mbwa, awe mlinzi wa nguo za watu zikiwa kwenye kamba. Mlinzi mwenyewe alikuwa anaenea kwenye ndoo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kung'oa kifungo cha shati la mtu na kukimeza, ndiyo maana wakamwita Kifungo. Kazi yake ya pili ilikuwa kukojoa. Alikojoa jikoni, alikojoa chini ya meza ya pasi, alikojoa kwa furaha akimwona mtu na kwa hofu asipomwona. Hazikupita siku nyingi akajipenyeza kwa mama mkwe na kukojoa miguuni pa kitanda.

Wiki hiyo hiyo mvua zikaanza. Asubuhi moja mama mkwe akaita kwamba mbwa kakojoa tena. Dobi akaenda na tambara, akainama pale kwenye kona, akagusa. Mkojo ukikauka huacha ukingo wa manjano. Hiyo ndiyo kazi yake, hadanganywi na doa. Hapa ukingo ulikuwa mweupe, wa chumvichumvi, na katikati saruji ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kama uzi. Maji yalikuwa yanatoka chini. Harufu hakuisikia, maana dawa za kung'arishia nguo zilikwisha kumwua pua miaka mingi, lakini mama mkwe alikuwa amejiziba yake kwa kiganja.

"Baba, huyu mbwa wako ananuka kama choo," mama mkwe akasema.

"Ndiyo, Mama," dobi akajibu. "Ni huyu mbwa."

Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Angesema kweli asubuhi ile, angepata fedheha ya wiki moja na kazi ya kubeba mawe. Lakini mtu mzima, mwenye mke na shughuli yake, aliona heri kumsingizia mtoto wa mbwa. Kitanda kikahamishiwa karibu na mlango mpaka mbwa ajifunze, na dobi akashusha pumzi.

Alichosahau ni kwamba mkewe ni mwalimu wa chekechea, na watoto wa kila aina wamepita mikononi mwake wakiwa na suruali zilizolowa.

"Hapigwi," mkewe alisema. "Mtoto hajui, anafundishwa." Akaweka utaratibu ule ule wa shuleni kwake. Mbwa akiamka, nje. Akimaliza kula, nje. Akimaliza kucheza, nje. Na akianza kunusanusa na kuzunguka, nje mbio mbio. Mahali ni pale pale kila mara, kando ya ukuta wa uani. Akikojoa hapo anasifiwa na kukunwa masikio, akikosea ndani panapigwa deki kimya kimya. Mchana, mke akiwa kazini, zamu ilikuwa ya dobi, na dobi akakubali.

Alikubali kwa mdomo tu. Kadiri mbwa alivyojifunza ndivyo uongo wake ulivyokosa pa kujificha. Basi akawa anamjazia maji kwenye bakuli, na mbwa akija kumlilia miguuni, yeye anaendelea kunyoosha kola. "Subiri," anamwambia. Mbwa anasubiri, anashindwa, anakojoa, na dobi anapiga deki huku moyo umemtulia. Jioni mkewe akimwuliza, anakunja uso wa huzuni na kusema, "Leo tena." Naona aibu kulisimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ikaja siku mbwa hakumlilia. Alipita tu chini ya meza ya pasi, akasukuma mlango wa uani kwa pua, akaenda kwenye ukuta wake, akakojoa, akarudi akitikisa mkia na kungoja sifa zake. Dobi alisimama na pasi mkononi akimtazama mpaka shati la mteja likaanza kufuka moshi. Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kuunguza nguo.

Alasiri hiyo mvua ilishuka kwa nguvu. Mama mkwe alikuwa amesinzia sebuleni. Mwanamume haingii hivi hivi chumbani kwa mama mkwe wake, lakini siku hizo mbwa alikuwa kibali chake, hivyo akamkumbatia akaingia naye. Unyevu kwenye kona ulikuwa umefika upana wa beseni, na ufa sasa ungeweza kumeza ukucha. Akabonyeza kwa kisigino. Sakafu ikajibu kwa sauti ya pipa tupu.

Akamweka mbwa juu ya unyevu, akapiga magoti mbele yake. "Kojoa," akanong'ona. "Kojoa, mwanangu, nisaidie." Mbwa alinusa, akamtazama, akaenda kukaa mlangoni akilia kutaka nje. Dobi akamrudisha. Mbwa akaenda tena mlangoni. Alikuwa amebanwa vibaya, miguu ya nyuma inamtetemeka, lakini ndani hakojoi tena, amekwisha kufundishwa.

"Bado unamhangaikia?"

Mama mkwe alikuwa ameegemea fimbo yake kizingitini. Dobi hakujua amesimama hapo tangu lini.

"Namfundisha, Mama."

"Mungu akuzidishie. Mwanamume mwenye subira kama yako mimi sijamwona." Akasogea, akashusha sauti. "Ila, baba, huu upepo wa mlangoni umeniua magoti. Silali. Sitaki kumsumbua mwanangu, amechoka na watoto wa watu, ndiyo maana nakwambia wewe."

Dobi alikuwa bado amepiga magoti, na mdomo ukafunguka wenyewe. Maneno yalifika hadi kwenye meno. Kisha akaufikiria uso ule mbele yake ukigeuka kuwa uso wa siku ya posa, akayameza.

"Pole, Mama," akasema.

Jumamosi mkewe alikaa nyumbani na mbwa kutwa nzima, na jioni akatangaza kwamba Kifungo amehitimu. Mama mkwe akapiga makofi.

"Kitanda cha Mama kinarudi kwenye kona leo hii," mke akasema.

"Tusubiri kidogo," dobi akasema. "Anaweza kurudia."

"Nimekuwa naye tangu asubuhi. Hata tone."

"Mbona kona imelowa?"

"Imelowa, na mbwa hajakanyaga huko. Basi ni ukuta unavuja. Utapiga plasta mvua zikikatika." Akamtazama. "Au kuna kitu kingine?"

Hakuuliza kwa hila. Aliuliza kama anavyowauliza watoto wake, akiwa tayari kupokea jibu lolote. Dobi akaitazama ile kona.

"Hakuna," akasema. "Ni ukuta tu."

Wakakibeba, mke upande wa miguuni, dobi upande wa kichwani, ambao ndio ulioelekea kona. Kilikuwa kitanda cha kizamani, cha mbao nzito. Walipokitua, mguu mmoja ukashuka kidogo na kitanda kikainama.

"Hii sakafu yako haiko sawa," mkewe akatania.

Dobi akatafuta kipande cha ubao, akakichomeka chini ya mguu ule mpaka kitanda kikasimama sawasawa. Akajikaza kisabuni, akatandika mwenyewe shuka aliyoipiga pasi asubuhi. Mama mkwe akaketi, akapandisha mguu mmoja, akapandisha wa pili kwa kuushika na mikono, akajilaza.

"Leo nitalala," akasema. "Mungu akubariki, baba."

Mvua ikaanza tena kugonga bati. Dobi alisimama mlangoni. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi, mama inuka, basi, hata maelezo yangekuja baadaye. Midomo ikamcheza na mkewe akageuka.

"Unasemaje?"

"Mbwa anataka kutoka," dobi akasema.

Mbwa alikuwa amelala fofofo kwenye kapu la nguo chafu. Dobi akamnyanyua, akatoka naye mvuani, akamweka kando ya ukuta wa uani. Mbwa akasimama akitetemeka, masikio yamemlala kwa maji, akamtazama bila kujua anatakiwa afanye nini. Alikuwa ametolewa muda mfupi uliopita na hakuwa na kitu.

"Kojoa," dobi akamwambia.

Nyuma yake, kupitia dirishani, kitanda kililia mama mkwe alipojigeuza kuelekea kwenye kona.

"Kojoa basi," dobi akasema tena, na hakugeuka kutazama.