Barua ya Jumuiya kwa Afisa Ardhi

Mimi hasira zangu ziko karibu. Kuna siku nilimpandishia sauti mama yangu mzazi mbele ya kijiji kizima, na mpaka leo nikikumbuka nasikia aibu inanipanda shingoni.

Kwanza niseme nilivyofika hapo. Nilikuwa muuguzi Mbeya, nimepanga chumba Mwanjelwa, nilipopata kazi Ujerumani ya kutunza wazee. Kibali changu cha kazi kilifungwa kwa mwajiri mmoja tu, akikuchoka, unafungasha. Kila nilipotakiwa kukihuisha, niliishi wiki nzima sijui kama nitabaki. Nilivumilia miaka, halafu nikachoka. Siku niliyotimiza masharti ya kuomba uraia wao, niliomba. Nilijua fika kwamba kwetu mtu mzima hashiki uraia wa nchi mbili. Nilijua! Hakuna aliyenidanganya. Nilijiambia karatasi ni karatasi tu, nikasaini.

Mama nilimwambia kwenye simu kwamba nimepata karatasi za kudumu. Akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. La uraia sikumwambia. Woga huo ni wangu, simsingizii mtu.

Halafu wapima mashamba wakaja Kalenga, anakoishi mama. Ana shamba la mahindi na maharage aliloachiwa na marehemu baba, na mtoto ni mimi peke yangu. Alitaka hati iandikwe jina langu angali hai, maana ameona mashamba ya watu yakigombaniwa kwenye matanga, hata udongo wa kaburi haujakauka. "Njoo na kitambulisho chako cha taifa," aliniambia. "Hawa watu hawakai."

Nikaja, kwa viza. Nikamkuta jikoni anachambua maharage, nikaona nikichelewa sitasema tena.

"Mama, mimi si raia wa hapa tena. Na asiye raia hapewi ardhi."

Aliendelea kuchambua. "Kwani umehama?"

"Nimehama."

"Si umerudi?"

Mama kuhama anakujua kwa njia moja. Ukihama kigango cha kanisa, mwenyekiti wa jumuiya ya waumini anakuandikia barua, unaipeleka unakokwenda. Ukirudi, unarudi na barua, unasimamishwa mbele, unapigiwa makofi, yamekwisha. Kwake yeye hakuna ubatizo, ndoa wala mazishi yanayopita bila barua ile. Nilimweleza mara tatu kwamba serikali siyo kigango. Akaitikia, "Haya." Nikadhani ameelewa.

Siku ya kuandikishwa, ofisi ya kijiji ilijaa, wengine wamekaa madirishani. Zamu yetu ilipofika, afisa ardhi, kijana mwenye adabu zake, alimwamkia mama kisha akaomba kitambulisho changu. Mama akaingiza mkono kwenye mfuko wa rambo, akatoa bahasha. Mle ndani mlikuwa na barua ya jumuiya. Inasema mimi ni muumini wao, nimebatizwa Tosamaganga, nilikwenda mbali kutafuta maisha, sasa nimerudi na wanaomba nipokelewe. Mwenyekiti amesaini, katibu amesaini, na mhuri upo. Lini aliizungukia, sijui.

Kijana wa watu aliisoma yote. Afadhali angecheka. Akaikunja kwa mikunjo ileile aliyoikuta nayo. "Mama, barua ni nzuri sana. Ila kwa jambo hili mwenyekiti wa jumuiya hawezi kuandika."

"Anayeweza ni nani? Nielekeze nimfuate. Miguu ninayo."

Hapo ndipo nilipopasuka. "Mama, basi! Hakuna wa kumfuata! Uraia nimeukana mwenyewe, kwa mkono wangu huu!"

Jirani yetu mmoja akasema, "Yesu wangu," wala hakunong'ona. Mama alikaa kwenye benchi polepole, akinitazama mkono.

Afisa akashauri waandike jina la mama mwenyewe. Mama akakataa. "Mimi nina presha, nina sukari. Mniandike ili iwe nini? Wakalipiganie juu ya jeneza langu?" Akasema hati iandikwe jina la mtoto wa marehemu baba mdogo, yule binamu yangu ambaye asubuhi haimpiti bila pombe ya ulanzi. Alikuwepo nyuma palepale, amesinzia, wakamwamsha aje aweke dole gumba. Nikamwinamia mama, nikamwomba angoje kidogo.

"Ningoje nini?" aliuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Nimeshaulizia habari ya kuurudia uraia: ni kuanza upya na kuacha kila nilichonacho kule, kazi ikiwemo, na dawa zake ndiyo kazi hiyo inayozinunua. Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma.

Kesho yake niliamka mapema, nikachukua jembe nikapalilie maharage, angalau mikono ipate cha kufanya. Mama akanikuta mlangoni, akanishika kiwiko. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Ngoja kwanza, mwanangu," alisema. "Tumwombe mwenyewe."

Tukakaa barazani, yeye na mimi, jua linapanda, tukimsubiri binamu aamke aturuhusu kulima shamba la baba.