Siku Dagaa wa Kwetu Waliponichefua

Nakumbuka siku ile, mwanangu, kuliko hata siku ya ndoa yangu: nilikuwa nakunja kanga zangu nitoke Maguu, milimani kwa mume wangu, nirudi kwetu Lituhi ziwani, na hakuna aliyenifukuza.

Nilikuwa na mtoto mmoja. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milimani, kila mtu akawa anapanua shamba, basi mimi na mume wangu tukakubaliana nipumzike kuzaa. Nikachomwa sindano za uzazi wa mpango miaka mitatu. Tulipotaka mtoto wa pili, nikaacha. Nesi wa zahanati aliniambia, "Dada, sindano hii hutoka mwilini polepole. Wengine husubiri hata mwaka." Nikaitikia kwa mdomo tu, moyoni nilishapanga kushika mimba mwezi ujao.

Mwezi ukaja, na wa pili, na wa tano. Kila nilipoona damu nililia jikoni nikisingizia moshi. Wanawake niliochota nao maji mtoni wakasema sindano imenikausha kizazi, nami, mjinga wa kwanza, nikawaamini wao nikamwacha nesi. Nikanywa mizizi michungu, faida yake ikawa kuharisha tu. Mwezi wa nane nikaamua kumpisha mume wangu aoe mwingine.

Mama mkwe akanikuta na mzigo. Yule mama hakujua kubembeleza.

"Nani amekufukuza?"

"Hakuna, mama. Nimekauka."

"Mikahawa mliyopanda na mumeo ilizaa mwaka uleule?"

"Hapana, mama."

"Mliing'oa?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi fungua mzigo. Na hiyo mizizi kaimwage. Haraka haraka haina baraka."

Nikafungua kwa aibu, kanga moja moja.

Miezi mitatu baadaye ndugu zangu wakaniletea dagaa kutoka Lituhi. Mimi, mtoto wa ziwani, niliyeota meno kwa dagaa! Nilipofunua kikapu, harufu ikanikimbiza nyuma ya nyumba, nikatapika. Mama mkwe alikuwa anaanika kahawa. Akanitazama, akatazama kikapu, akapiga kigelegele kabla mimi mwenyewe sijaelewa. Nesi akanipima, akacheka. Nilirudi nyumbani nikicheza njiani peke yangu.

Nikajifungua msichana, mzito, mwenye sauti. Wale wale wanawake wa mtoni wakaja kunipa hongera, nikawapokea shingo juu. Mungu anisamehe, lakini ilikuwa tamu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiacha sindano, upe mwili wako nafasi. Wa kumsikiliza ni nesi. Mwaka ukipita kimya, nendeni hospitali wewe na mumeo, wote wawili, maana mtoto hatafutwi na mmoja. Na usifunge mzigo katika nyumba ambayo hakuna aliyekufukuza.

Mungu aibariki mimba yako kabla haijaja, akujalie uzazi mwepesi. Na siku chakula cha kwenu kitakapokuchefua, niite mimi nije nipige kigelegele.