Mahudhurio ya Mashine za Ritha

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wakazi wote wa Mchafukoge, wafanyabiashara wa Kariakoo na yeyote anayepita akitafuna muhogo, kwamba leo saa nne asubuhi, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto ukishampita fundi cherehani, Bi Ritha atabonyeza kitufe.

Tangazo hilo alilitoa Mzee Ghanshyam, mwenye karakana, akiwa amevaa koti la harusini. Mafundi sita wanagawana benchi lake moja, na juu ya benchi hilo palikuwa na fahari yake mpya: pawasaplai mbili za mtumba, mashine za kupimia bodi umeme, pacha mpaka mikwaruzo, zikiendeshwa na kompyuta.

"Kuanzia leo mikono pembeni," alisema. "Kompyuta inaamuru, umeme unatii."

Ritha alikuwa ameshainamia kazi. Alitoka Songea miaka kumi na mmoja iliyopita, na tangu siku hiyo mafundi wenzake wanadai wameshamsikia akiongea mara nne. Mbele yake palikuwa na bodi ya mashine ya barafu ya Victoria, mchuuzi wa samaki wa Feri. Alishabadilisha vilivyoungua, kilichobaki ni kuijaribu. Ubongo wa bodi unakula volti tano. Upande wa mota unakula ishirini na nne. Pawasaplai namba moja ilikuwa ya ubongo, namba mbili ya mota. Ukikosea ukaupa ubongo ishirini na nne, umeua, na Kariakoo nzima hakuna bodi nyingine kama ile. Victoria alikuwa ameizunguka yote tangu asubuhi akiitafuta.

Ndiyo maana alikuwa amesimama nyuma ya Ritha na ndoo mkononi, ananukia kazi yake.

"Mwanangu, bonyeza. Kolekole wangu wamelalia barafu ya kuazima."

Ritha akachomoa klipu zote za nyaya za umeme kwenye bodi, akaiweka pembeni.

"Anafanya nini tena huyu?" Victoria akauliza.

"Anaita mahudhurio," akajibu Kartik, mpwa wa Mzee Ghanshyam, aliyeweka programu kwenye kompyuta na hakuacha mtu asahau. "Anaziita mashine moja moja ziitikie, kama mwalimu wa zamu. Dada Ritha, jana si ziliitika?"

"Jana."

"Sasa?"

Mwaka wake wa kwanza pale, Ritha aliunguza televisheni ya padri kwa kuamini kwamba benchi aliloliacha jioni ndilo atakalolikuta asubuhi. Padri alimsamehe. Yeye hajajisamehe.

"Samaki hawajui mahudhurio!" Victoria akatua ndoo kwa kishindo. "Saa tano hii inaingia. Wakioza hawa, mtakuja kuwaimbia?"

"Ritha, mama wa watu anaumia," alisema Mzee Ghanshyam, jasho likimtoka ndani ya koti. "Bonyeza tu, bas."

Ritha akaandika amri: mashine namba moja, toa volti moja. Akabonyeza.

Namba moja ikakaa kimya. Namba mbili ikawaka: volti moja.

Akarudia. Namba mbili tena, kwa utii wote.

Hata Victoria, asiyejua volti wala binamu yake, alielewa. Ile ishirini na nne ingekwenda moja kwa moja ubongoni.

"Programu yangu haina kosa," Kartik akasema, sauti imeshuka. "Kompyuta inaijua mashine kwa tundu ilipochomekwa. Labda mtu alizichomoa nyaya, akazirudisha kinyume..."

Ritha alikuwa ameshainama chini ya benchi na tochi. Alikaa huko muda ambao Victoria aliuhesabu kwa kolekole. Alipotoka, alikuwa amezibadilisha nyaya mbili, kila moja kwenye tundu lake. Akaita mahudhurio upya. Moja ikaitika moja. Mbili ikaitika mbili. Ndipo akarudisha klipu kwenye bodi, akabonyeza.

Volti zikapanda taratibu. Mbili. Tatu. Nne. Kwenye nne na nusu kompyuta ikasita, Victoria akamshika Mzee Ghanshyam mkono wa koti akaupaka magamba. Tano. Kisha, upande wa mota, ishirini na nne.

Tak! Bodi ikagonga, taa ya kijani ikawaka.

Victoria alipiga vigelegele mpaka fundi cherehani akaja na mkasi. Mzee Ghanshyam akajipangusa machozi, akapanda juu ya stuli.

"Ndugu zangu! Leo, ghorofa ya pili, Mchafukoge, mwanadamu na kompyuta wamepeana mikono! Bi Ritha, kizazi kijacho kinakusikiliza. Sema neno."

Ritha akainama tena chini ya benchi, akachomoa kwenye tundu la mwisho la kompyuta simu yenye kava la timu ya mpira. Kule mwisho wa benchi, Abbasi, fundi redio, akawa ghafla na redio ya kutazama kwa karibu sana.

"Abbasi," alisema Ritha, "simu yako imejaa chaji."